Mpimaji na Chupa ya Somoe

Alikuwa akiinua kichupa mpaka usawa wa dirisha, anafumba jicho la kushoto, anautazama mkojo wa mtu kama mwanamke anavyotazama mchele kwenye ungo kabla ya kuupika. Kisha anatoa neno moja tu. "Safi." Au: "Kaa." Ukiambiwa kaa, ujue una jambo. Kituo kilikuwa na mganga wake, mwenye koti na kalamu mbili mfukoni, lakini sisi wanawake wa Malolo tulimwamini huyu wa chumba cha nyuma.

Tulimwita Mpimaji. Jina alikuwa nalo, liliandikwa mlangoni, lakini mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo, na siku nilipojua kusoma mlango ule ulikuwa umeshapakwa rangi mpya. Watoto walimwita Bwana Mikojo akishawapa mgongo. Siku moja aligeuka, akawaambia taratibu kwamba hata mkuu wa wilaya anakojoa, na anakojoa kama wao, akisimama. Walimpenda tangu hapo, na Bwana Mikojo hawakuacha.

Niseme mapema, mtu asikae akisubiri: amekufa. Amekufa Nachingwea, wakati wa masika, barabara ya kwetu imekatika mtoni, na habari ilinifikia siku ya tisa. Sikumzika. Nimezika wengi wasionihusu, nimewapikia matanga watu walionitukana, na yeye sikumzika.

Kwetu mkojo si kitu cha kumpa mtu. Nywele, kucha, mkojo, nguo yenye jasho lako, hivyo ndivyo vitu anavyovitafuta adui. Kwa hiyo alipokuja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, miezi miwili ya kwanza alipima walimu na wafanyakazi wa kuletwa tu. Sisi tulipokea kichupa, tukaenda chooni, tukarudi nacho kikavu, tukasema haukutoka. Mwingine angetutukana. Yeye alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya chumba chake, akaweka ndoo ya majivu kando. Akishapima anakurudishia kichupa mkononi. Unakwenda mwenyewe, unamwaga mwenyewe, unatia majivu, unarudisha kichupa, unaondoka na roho yako. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona tu kwamba watu wanaogopa, akaona kuogopa nako kunahitaji mahali pa kumwagwa. Baada ya hapo tulikojoa. Kichocho kilichokuwa kimewakaa watoto wetu, wale wa kuogelea kwenye madimbwi, alikitoa yeye kwa kile kichupa na dirisha lake.

Alitucheka sana kwa mambo ya uchawi. Lakini nilimwona kwa macho yangu akijinyoa uani kwake, akakusanya nywele zote kwenye gazeti, akazichoma moto. Nikamwuliza, Mpimaji, leo unamwogopa nani? Akasema anaogopa upepo, zisije zikaingia kwenye chai.

Chumba chake cha kazi ungeweza kulala chini. Vioo vya darubini alivifuta mpaka ukiviona unajiona. Nyumbani kwake, pale nyumba ya mtumishi ng'ambo ya njia, kulikuwa na sufuria moja yenye masizi ndani na nje, na kitanda kisichotandikwa toka nimjue. Mimi sifichi maneno. Nilimwambia, wewe unaosha vioo vya mikojo ya watu na sufuria yako mwenyewe imeota. Akajibu kwamba sufuria haina mgonjwa anayeisubiri.

Na alikuwa na swali. Uje na tumbo, uje na jino, uje na mtoto anayeharisha, akishamaliza kupima atakuuliza: "Unakula na nani?" Hakuna aliyejua anataka nini. Wanawake walidhani anachunguza nani kaachwa. Mimi mara ya kwanza nilimjibu nakula na meno. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza tena, kwa sauti ileile, na nikajikuta nahesabu kwa vidole: mume wangu, watoto wanne, mama mkwe, na jirani yangu Mama Zainabu ambaye hapiki siku akijua nimepika kisamvu. Akaandika kidogo kwenye kona ya daftari. "Safi," akasema.

Yeye alikula na nani, hatukumwuliza. Mkewe alikuja mara moja, akakaa masika moja. Mwanamke mrefu, mpole, wa huko kwao kwenye ndizi na baridi. Ugali wa muhogo ulimshinda, ming'oko, mizizi yetu ya porini, akasema haipiti kooni. Mvua ilipokata barabara, miezi miwili hakuna gari, alikaa kibarazani akitazama njia kama ng'ombe aliyefungiwa. Gari la kwanza lilipopita, alipanda. Mpimaji alimbebea sanduku mpaka garini, akarudi akavaa koti, akapima watu kumi. Baadaye ikawa kila lori la korosho likisimama anatoka kumwuliza dereva kama kuna barua. Alifanya hivyo miaka kadhaa. Kisha akaacha kuuliza. Sisi tulipoona ameacha tukasema, kazoea.

Tulimheshimu. Isidhaniwe tulimtupa. Ijumaa haikupita bila nyumba mojawapo kumpelekea chakula, wali na mbaazi, au kuku kama kuna shughuli, kwenye sahani nzuri iliyofunikwa kwa kawa. Unaweka kizingitini, unabisha hodi, unaondoka. Msomi, mtu wa serikali, utakaa naye uzungumze naye nini? Kesho yake kawa inarudi safi na sahani imeoshwa. Tukaona tumetenda wema. Na kweli tulitenda.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini walikuja wataalamu watatu na gari jeupe. Walitoka mbali, mmoja wao alikuwa mgeni kabisa, anapaka mafuta puani kwa ajili ya jua. Tukaitwa uwanjani. Wakasema wanatafuta huzuni kwenye mkojo. Ile huzuni ya ugonjwa, inayomkalia mtu mpaka hali, halali, hasemi. Wanawake tulicheka mpaka khanga zikatuvuka. Mama Zainabu akasema basi na wa mume wake wauchukue, huenda wakakuta akili ndani.

Wataalamu walieleza kwa maneno marefu, hatukuelewa. Mpimaji akasimama, akaeleza kwa mafupi. Jiko likichomwa kuni kavu, akasema, majivu yake meupe. Likichomwa kuni mbichi, majivu meusi, yana vipande. Mwili ni jiko. Chakula ndiyo kuni, na mkojo ndiyo majivu. Mtu mwenye huzuni mwili wake unawaka vibaya, kwa hiyo majivu yake lazima yawe mengine, ila ni madogo mno kwa darubini yetu, yanataka mashine za huko. Akasema kuna watu wanaokaa kwenye nchi za barafu tupu, miezi hawaoni jua wala mtu, nao wanapimwa hivyohivyo. Sasa wanataka watu wa madungu.

Hapo tuliacha kucheka. Dungu kwetu ni kibanda cha juu ya miti, katikati ya shamba la mbali, karibu na msitu. Mvua ya kwanza ikinyesha unahamia huko kulinda mtama na mahindi, nguruwe usiku, nyani mchana, na tembo wakijisikia. Unakaa mpaka mavuno. Kama huna mwenzako, unakaa miezi minne unazungumza na debe unalolipiga. Wengi wanarudi kimya. Tunasema, huyo bado yuko shambani, na baada ya muda kweli anarudi. Wengine hawarudi, wanatembea tu kijijini na macho yao yameachwa kule. Kupima, Mpimaji alishawapima miaka yote. Mkojo safi, damu safi. Alikuwa akiandika "safi" huku amekunja uso kama anayeandika uongo.

Chupa zilikuja kwenye kreti, kila moja na namba. Watapimwa mara tatu: kabla ya kwenda shamba, katikati ya mvua, na wakirudi. Watu wakakataa, kwa sababu chupa hizi zinakwenda kwenye sanduku la barafu na humwagi mwenyewe. Ubishi ulichukua asubuhi nzima. Mwisho Mpimaji alionyesha chupa na kuuliza kama kuna mtu anaona jina. Hakuna jina. Kuna namba, na nani mwenye namba gani anajua yeye peke yake. "Mchawi hawezi kumroga namba," alisema. Wazee wakatazamana, wakakubali.

Binti yangu wa mwisho, Somoe, alikuwa namba kumi na saba.

Mumewe alikuwa amekwenda machimbo ya vito, anasema anarudi mwezi huu, mwezi ujao. Somoe akahamia shamba peke yake na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Nilimkataza? Sikumkataza. Nilimwambia mimi kwa umri wako nililinda ekari tano na mimba ya miezi saba. Nilijivuna mbele ya mtoto wangu.

Mvua ile ilikuwa mbaya. Mpimaji alizunguka madungu na mfuko wa chupa begani, suruali imekunjwa, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba. Alikuwa anaogopa maji, hakujua kuogelea, kwao ni mlimani. Na alikwenda. Siku ya tatu ya mzunguko ndiyo alifika kwa Somoe, kijito kilipopungua kidogo. Alimkuta amekaa chini ya dungu, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Mtoto alishikwa na homa, kijito kikajaa siku tatu, akafa. Akamzika mwenyewe. Nguruwe walikuwa wanakuja usiku, kwa hiyo alikuwa analinda kaburi.

Mpimaji hakumpa chupa. Alikaa naye pale mpaka akakubali kusimama, akamvusha kijito kwa mkono, yeye asiyejua kuogelea, akamleta mpaka mlangoni kwangu. Akaniambia mambo yote akiwa amesimama, maji yanamchuruzika. Nikalia. Kisha nikanyamaza, nikamwambia asimwambie mtu kwamba mwanangu hasemi. Niliwaambia watu ana malaria.

Ilikuwa hivyo miezi mpaka mvua zikaisha. Somoe alikaa pembeni ya ukuta. Ukimpa uji anaushika mpaka unapoa. Mumewe alirudi, akamtazama, akaondoka tena. Mimi nilichukua maneno ya watu nikayaweka mbele ya mtoto wangu, nasema kweli. Kwamba binti wa nani amerukwa na akili, hilo nisingelisikia nikaishi. Asubuhi moja nikaenda kisimani nikamkuta amekaa ukingoni, miguu ameining'iniza ndani, anatazama chini. Nilimvuta kwa khanga. Hakupinga. Hakunitazama. Na hata hilo sikumwambia mtu.

Wiki ileile Mpimaji alipita nyumba kwa nyumba kwa chupa za mara ya tatu. Alimtazama Somoe, akamtazama sana midomo, akaniachia chupa yenye kumi na saba, akasema atakuja kuichukua jioni. Somoe hakukojoa. Hakunywa maji, angekojoa nini? Na mimi nikafikiri: chupa hii ikienda huko, mashine ikaona, huzuni ya mwanangu itaandikwa kwenye vitabu vya watu. Nikachukua chupa nikaenda chooni, nikaijaza mimi. Mkojo wa mwanamke mzima, anayekula, anayelima. Nikaifunga kifuniko, nikampa jioni, nikamwambia, huu hapa, wa Somoe.

Aliinua kwenye mwanga wa jua linalozama. Akafumba jicho la kushoto. Nikasubiri neno "safi" kama mtu anayesubiri hukumu. Akatia chupa mfukoni akaenda zake.

Asubuhi yake alfajiri yupo mlangoni. Akasema Somoe asirudi shamba, si mwaka huu wala mwaka ujao. Asile peke yake hata siku moja, hata kama hali, akae penye sahani. Kisimani asiende bila mtu. Na kila siku saa mbili aje kituoni amwoshee vioo. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, umeona kwenye chupa? Akasema, "Nimeona."

Na chupa ilikuwa yangu. Nikafanya yote aliyosema, kwa woga mtupu. Nilimshika Somoe mkono kila asubuhi mpaka kituoni. Aliosha vioo, mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Mpimaji alikuwa anamsemesha kazi tu: hiki bado kina ukungu, hiki kizuri. Mwezi wa tatu Somoe akasema sabuni imekwisha. Ndilo neno la kwanza. Mpimaji alikuja mbio mpaka kwangu, koti linapepea, kuniambia sabuni imekwisha, na machozi yanamtoka.

Somoe ana watoto watatu leo. Huyo mkubwa, mjukuu wangu, ndiye aliyenipeleka kwa Mpimaji mara ya mwisho, kwa sababu alichaguliwa sekondari Nachingwea, na nani angempeleka kama si mimi. Nataka ijulikane alikuwa wa kwanza darasani. Mpimaji alikuwa ameshastaafu, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu hivi, bodaboda zimeshajaa pale mjini. Kwao hakurudi. Nikasikia amepanga chumba upande wa nyuma ya soko. Nikamwacha mtoto shuleni na godoro lake, nikamtafuta.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mlango wazi, redio inasema na yeye hasikilizi. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo vibaya. Alinitambua, lakini furaha ilichelewa kufika usoni, kama inatoka mbali. Aliuliza habari za Somoe. Nikamweleza, na mtoto, na kuwa wa kwanza darasani. Akasema, "Safi."

Nikaona nikiondoka bila kusema nitakufa nalo. Nikamwambia, Mpimaji, ile chupa kumi na saba ilikuwa mkojo wangu. Kwa hiyo ulichokiona, ulikiona kwangu. Miaka yote hii nalala nikijua ninayo ile huzuni, na sijui itanitoka lini.

Akanitazama kwanza kama hakusikia. Kisha akacheka kidogo, ndiyo mara pekee siku ile.

"Mama Somoe, nilijua ni wako. Ulikuwa mweupe kama maji ya mvua. Mwanao alikuwa hajanywa maji, midomo imepasuka. Wake ungekuwa kama chai ya rangi."

"Sasa uliona nini?"

"Kwenye chupa? Sikuona kitu. Huzuni haionekani kwa macho, nilishawaambia. Lakini mama akimkojolea mwanawe kwenye chupa, majibu si yameshatoka?"

Nikamwuliza huko mbali waliipima wakasema nini. Akasema hakuituma. Aliimwaga shimoni, akatia majivu, kama ambavyo ningetaka mwenyewe, na kwenye karatasi yao namba kumi na saba akaiacha tupu. Za wengine zilikwenda. Majibu hayakurudi. Yeye alisubiri miaka, akiuliza kila gari, halafu akaacha.

Nilisikia lile neno, akaacha. Nikatazama chumba. Kitanda hakikutandikwa. Sufuria ileile. Sahani moja kwenye kigoda, juu yake kawa, na kawa ile niliijua, ilisukwa Malolo, hatujui ilibaki kwake Ijumaa gani.

"Na wewe," nikasema, "chupa yako walipima?"

"Kreti ilikuwa ya watu wa madungu, mama. Ya mpimaji haikuwemo."

Miaka yote ile kwetu, masika baada ya masika, ng'ambo ya njia tu, na sisi tunaweka sahani kizingitini na kukimbia. Alituvusha kijito na yeye hajui kuogelea. Nikamwuliza swali lake mwenyewe.

"Unakula na nani?"

Aligeuza uso kwenye redio. Mkono wake ulikuwa unapapasa vile vifungo vilivyofungwa vibaya, cha juu, cha chini, hakifungui hata kimoja.

Nikainuka. Nikasugua ile sufuria kwa mchanga mpaka ikajulikana ni sufuria. Nilikuwa na unga wa muhogo niliomletea na mbaazi kavu, na mbaazi hazina haraka, kwa hiyo jua lilikuwa limeshakwenda upande wa pili wa soko zilipoiva, na gari langu la kurudi nikajua limenipita. Yeye alikuwa kwenye kiti chake. Nikapakua.

"Nifunikie hapo, mama," akasema. "Nitakula baadaye."

"Leo sifuniki," nikamwambia. Nikaenda kwa jirani, mwanamke nisiyemjua, nikaazima sahani ya pili, nikarudi nikakaa chini.